Simu ya Nane

Siku ya tatu ya matanga ya baba, nyumbani Njombe, mama alitaka kumwona kwa video dada yangu, ambaye alikuwa amelazwa Makambako na hakuweza kuja kuzika. Intaneti tuliipata kupitia kompyuta yangu, lakini simu ya mama ilikataa kuunganishwa. Niliizima kompyuta, nikaiwasha tena, nikaisonya. Kumbe ilikuwa imejaa. Inaunganisha simu nane tu kwa wakati mmoja, na kila aliyekuja kutupa pole, mama alimpa chai na nywila, kwa sababu kwetu mgeni hanyimwi.

“Sasa nitoe ipi?” nilimuuliza kwa hasira.

Tukaisoma orodha pamoja. Simu saba zilikuwa za wageni. Ya nane ilikuwa ya baba, bado imo kwenye koti lake nyuma ya mlango. Nilitaka kuitoa hiyo, maana haikuwa na mtu wa kuitumia.

“Hiyo usiiguse,” mama alisema. “Naichaji kila asubuhi.”

Kisha akatoka kwenda uani walikokaa wageni, yeye ambaye sijapata kumwona akimnyima mgeni kitu, akamwomba mmoja wao azime simu yake.