Sakafu ya Muhugu

Kule Kibera sakafu yetu ilikuwa ya udongo, na kila asubuhi kabla ya kufagia lazima mtu anyunyize maji ili vumbi lilale. Kazi hiyo ilikuwa ya mama. Alipofariki, muda mfupi baada ya baba, ikawa yangu. Nilikuwa darasa la sita, na sikurudi shule tena. Mchana nilipiga magoti kwenye nyumba za watu huko Kilimani nikipaka sakafu zao nta, jioni nikarudi kuwapikia wadogo zangu.

Dada zangu wawili waliolewa wakaenda. Akabaki kitinda mimba, mvulana, aliyelala chini juu ya gunia na kukohoa usiku kucha kwa sababu ya vumbi. Nilimwahidi kwamba siku moja atalala kwenye nyumba ya sakafu ya mbao. Alikuwa mdogo, nadhani alisahau. Mimi sikusahau.

Miaka ilipita, yeye akawa fundi wa mitambo, nami nikapata mahali pa kujenga Kawangware. Vyumba viwili vya mabati, saruji chini. Niliposema nataka mbao juu ya saruji, jirani aliniuliza, "Kwani umekuwa mzungu?" Nilicheka naye, kisha Jumamosi nikamchukua mdogo wangu tukaenda yadi ya mbao.

Muuzaji alituonyesha mvule, mbao ndefu za rangi ya asali. Halafu akavuta gunia moja kati ya mengi ya vipande vifupi vilivyobaki kwenye kazi ya tajiri fulani. "Hii ni muhugu, mbao ngumu. Utakufa uiache hapa duniani."

Niliokota kipande nikanusa. Kilikuwa na harufu tamu, kama kitu kilichofungiwa sandukuni.

"Mama, unanunua mbao ama marashi?" muuzaji aliuliza.

"Nyamaza, nachagua." Nikamgeukia mdogo wangu. "Vua viatu ukanyage."

"Dada, watu wanatuona."

"Waone."

Alivua. Alisimama kwenye mvule, kisha nikampangia vipande vya muhugu akasimama juu yake. Muuzaji akauliza kama tumekuja kupimwa suti. Mdogo wangu hakucheka. Alikuwa akiangalia miguu yake.

"Chagua ile unapenda wewe," alisema. "Mimi nimepata kazi Mombasa. Naenda mwisho wa mwezi."

"Ya muda?"

"Ya kudumu, dada."

Muuzaji akaenda kupanga mbao ambazo zilikuwa zimepangwa tayari.

Muhugu niliufikiria kwa ajili ya buti zake za kazi, na za marafiki zake, na za mke ambaye angemleta siku moja. Kwa miguu yangu peke yangu hata udongo ungetosha. Lakini nyumba nilikuwa nimeijenga ya watu wawili na sikutaka kuipunguza. Nikamwambia muuzaji anifungie muhugu.

Fundi wa sakafu alivibandika vipande kwa lami ya moto, akanionya kwamba adui wa sakafu hiyo ni maji. Nikahamia peke yangu. Asubuhi ya kwanza nilichota maji na kunyunyiza kabla sijajua ninafanya nini. Udongo huyanywa maji ukatoa harufu yake. Pale yalikaa tu juu ya nta, matone matone. Nikayapangusa upesi. Lakini mkono ulirudia siku nyingine, kila nilipokuwa na mawazo, na kila mara pale mlangoni, kwa maana ndipo tulipozoea kuanzia. Mwishowe vipande viwili vikainuka.

Jumapili nilipaka nta. Kule Kilimani nilizoea kuwapigia watoto wa watu kelele wasikanyage mpaka ikauke. Kwangu nilimaliza, nikapanda kitandani nikangoja, na hapakuwa na wa kumkataza.

Krismasi mdogo wangu alikuja. Alisimama mlangoni na begi lake.

"Nivue viatu, dada?"

Mtoto niliyemlea hakuwahi kuniuliza swali la namna hiyo. Hivyo huuliza wageni.

"Ingia navyo. Hii haichubuki."

Lakini alikuwa ameshainama anafungua kamba. Aliingia na soksi, akakanyaga pale palipoinuka, akasimama. Akapabonyeza kwa kisigino, kisha akaniangalia.

"Umekuwa ukinyunyiza maji."

"Mkono unasahau."

Aliinama akavipapasa vile vipande. "Hata mimi, kule Mombasa. Chumba ni cha saruji, na kila asubuhi nanyunyiza. Mwenye nyumba ameniuliza kama nina wazimu."

Tulicheka sana, sote wawili, mpaka jirani akachungulia. Kisha nikamtandikia kitanda kwenye chumba nilichokuwa nimemjengea. Viatu alivipanga vizuri kando ya mlango, ncha zikitazama nje, na vilikaa hivyo mpaka asubuhi aliyoondoka.