Ngome Iliyoruka kama Farasi

Siku niliyokwenda kujitambulisha kwa baba wa mchumba wangu, nilibeba kabichi za Kibumba na hotuba niliyoikariri njia nzima. Muzee hakuitaka hotuba. Aliweka ubao wa sataranji mezani, akanigeuzia kete nyeupe, maana kwake mgeni ndiye huanza.

Alinijibu kwa Sicilienne, ule ulinzi mkali unaokurukia badala ya kujikinga. Haukupita muda, kete zake zilikuwa zimejaa upande wangu, nami natoka jasho. Mawe nayo yalinichanganya. Ngome yake moja na farasi mmoja vilipotea zamani, akaweka vipande vya mawe ya volkano: kikubwa ngome, kidogo farasi.

Sasa nimshinde au nimwachie? Kwetu baba mkwe hashindwi. Lakini nikishindwa ovyo, atamtoa binti yake kwa mpumbavu? Nilimkasirikia yeye, nikajikasirikia na mimi.

Mara akashika jiwe kubwa, ile ngome ya kwenda moja kwa moja tu, akaruka nalo kama farasi. Mfalme wake akabaki wazi. Nilimtazama, naye akanitazama. Nikajiambia mkubwa hasahihishwi. Kisha nikaingiza malkia, na mfalme wake akakosa pa kukimbilia.

"Uliona nilikosea jiwe?" akauliza.

"Niliona, papa."

"Na ukanyamaza. Ju ya nini?"

"Heshima, papa."

"Heshima gani? Ulinyamaza, kisha ukapitia pale pale!"

Alisema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Lakini je, alikosea kweli, au alinitega? Mpaka leo sijui. Nikizipanga upya zile hatua kichwani, mara naona mzee aliyechoka macho, mara naona mjanja aliyenichezea tangu mwanzo.

Mchumba wangu alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Alikuwa amesikia yote.

"Papa, sasa unasema nini juu yake?"

"Umuulize mwenyewe. Miye nimeshindwa."

Akaweka sinia, akanigeukia.

"Na siku nitakosea miye, utafanya vile vile?"

Nilisema hapana. Nilisema upesi mno, na nikaona machoni mwake kwamba hakuniamini.