Bendera ya Kijani kwa Treni ya Wafu

Nilipokuwa mtoto wa miaka minane, msichana mwenye mdomo mrefu kuliko miguu, tulikaa kwenye stesheni ndogo ya reli kati ya Kindu na Kibombo. Baba yangu alikuwa shefu wa gare, mkuu wa stesheni. Vita vilikuwa vimekata njia, treni haikupita tena, majani yakaota kwenye reli. Hata hivyo kila asubuhi alivaa kofia yake, akafagia, akakaa. Shefu wa majani, ndivyo nilivyomwita, mbali na masikio yake.

Kengele yetu iligongwa kwa jambo moja tu: stesheni ya jirani imepiga simu kwamba treni imetoka huko. Bibi, mama yake Baba, aliongeza lake.

"Ukigonga bila treni, wale waliokufa wakilaza reli watakuja na yao. Na ikisimama, haiondoki bila abiria."

Mchana mmoja niligonga. Mara tatu, kwa nguvu, ili niwacheke watu wakikimbia na mizigo.

Hakuna aliyekimbia. Wanawake walioanika mpunga waliganda. Bibi alitoka jikoni.

"Ni weye njo umegonga?"

Nikakubali kwa kichwa.

"Basi itakutafuta weye."

Nilikimbilia kwa Baba, mlangoni mwa stesheni. Majani ya upande wa Kibombo yakaanza kutikisika. Wakatokea askari wanne, wanakimbia juu ya reli. Wa upande gani, hatukujua. Siku zile mtu hakuuliza.

"Unamuita nani na kengele, muzee?" mkubwa wao alimuuliza Baba, akimwelekezea bunduki kifuani.

Baba alikuwa na kofia kichwani na bendera ya kijani mkononi, ile ya kuiambia treni ipite bila kusimama. Alinivuta nyuma yake.

"Nitakujibu, shefu. Acha kwanza ipite. Ni ya wale walioilaza hii reli, mutoto ameiita. Ikisimama, itabeba mwenye iko karibu."

Akainua bendera. Kichwa chake kikageuka polepole, kama mtu anayefuata mabehewa kwa macho, moja baada ya jingine. Bibi aliinamisha uso. Askari mdogo kabisa aliruka nje ya reli, wenzake wakamfuata. Na mimi, naapa, nilisikia mataruma yakilia chini ya reli.

Baba alikunja bendera, akaandika kwenye daftari la treni: imepita bila kusimama.

"Imeenda?" yule mkubwa aliuliza, sasa kwa sauti ndogo.

"Imeenda."

Waliondoka kwa kupita shambani. Hakuna aliyekanyaga reli. Ndipo Baba alipokaa chini, akavua kofia. Hakunipiga, na hilo liliniogopesha zaidi.

Leo ni mzee, anakaa kwangu Kindu. Juzi nilimuuliza: "Papa, siku ile uliogopa treni ao askari?"

"Zote zilikuwa zinakutafuta weye," akasema. "Nilikuwa na bendera moja."

Nimewachekesha watu jukwaani kwa mengi ya vita, hata njaa. Mkono ule ulioinuka bila kutetemeka, bado sijathubutu kuuigiza.