Mtoto wa Kwanza wa Ndelekwa

Harufu ya ndizi zinazochemshwa kwa ajili ya pombe hunirudisha nyumbani kwetu, kwenye mteremko wa Meru, wakati Wajerumani walipokuwa wakijenga boma lao kule Arusha. Pombe ile ilikuwa ya uchumba wa dada yangu, Nasieku, nami kwa udadisi wangu wa kuzaliwa nilijibanza mlangoni kuwasikiliza wazee. Mambo yalikwenda vizuri mpaka mzee mmoja wa upande wa mchumba alipojigamba kwamba ukoo wao ulianzishwa na Ndelekwa, aliyetoka Usambara. Baba alibaki ameshika kibuyu mkononi. Sisi nasi tulikuwa watu wa Ndelekwa, aliyetoka Usambara! Kama ni mtu yule yule, basi Nasieku alitaka kuolewa na ndugu yake, na jambo hilo kwetu halina mjadala. Dada aliinama akalia.

Wazee wakabishana Ndelekwa alipita njia gani, alikuwa mrefu au mfupi. Mimi niliwaza jambo jingine. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume hupewa jina la babu mzaa baba, kwa hiyo ukilijua jina la mtoto umemjua na babu yake. Ulimi ukaniponyoka.

"Bibi, mtoto wa kwanza wa Ndelekwa wetu aliitwa nani?"

"Sarita," bibi akajibu.

"Na wa kwenu, babu?"

"Mbaasa," yule mzee wa upande wa mchumba akasema kwa ukali, kisha akacheka mpaka akakohoa. Ndelekwa wao alikuwa mwana wa Mbaasa, wetu mwana wa Sarita. Jina moja, watu wawili. Nasieku akaolewa, nami nikavimba kichwa msimu mzima.

Alipojifungua mtoto wa kiume, yeye na mumewe walikuwa wameshaingia kanisani, na mtoto akabatizwa jina la Kijerumani, Wilhelmu. Leo Wilhelmu ni mzee, na mjukuu wake wa kwanza ni Wilhelmu pia. Juzi kijana huyo alinijia akiuliza ukoo wao ulikotoka. Nilifurahi kumpata mdadisi mwenzangu, kisha nikaingiwa na huzuni, maana akiifuata njia yangu ya majina atafika Ujerumani. Nikamsimulia Ndelekwa wao, mwana wa Mbaasa, kisha nikamwambia njia ya majina aianzie kwa Ndemno, baba mkwe wa Nasieku. Siku ile ya ubatizo mzee huyo alisimama mbele kabisa, akatega sikio, akingoja kusikia jina lake.