Mstari wa Maharage

Kila Jumatatu mkuu wa tovuti yetu ya michezo, pale Goma, alitugeuzia kompyuta yake tuone nani kasomwa na nani kalala. Juu kabisa walikaa wenzangu walioandika habari za wachezaji wa Ulaya: nani anahama, nani kagombana na kocha, nani kanunua gari. Chini, peke yangu, nilikaa mimi na mechi zangu za wakimbizi.

Vita vilikuwa vimewasukuma watu wa Masisi hadi kwenye kambi za pembeni mwa mji, na vijana wa vijiji vya Bihambwe na Shasha wakaunda timu huko huko, katikati ya mahema. Niliwaandika kama wachezaji wa kweli: nani kafunga, pasi ilitoka wapi. Mkuu hakuwa mtu mbaya. Aliniambia kwa upole kwamba tovuti inaishi kwa watu wanaofungua makala, na zangu hazifunguliwi. Mwezi ukiisha hivyo, ukurasa wangu utafungwa. Mimi nina hasira za karibu, nikakasirika, na nikazidi kukasirika nilipoona kwamba hanionei.

Mwezi huo huo barabara ya Mweso ikafunguka kidogo, nikaenda huko kwetu kumwona mama. Sikuwa nimemwona tangu mapigano yalipoikata njia. Nyumbani sikumkuta. Jirani akaniambia yuko dukani kwa mfanyabiashara mmoja aliyetoka Butembo, yule anayeuza chumvi, sabuni na betri.

Kabla sijaingia nikasikia maneno yangu. Mwenye duka alikuwa amesimama nyuma ya meza, simu mkononi, akisoma mechi yangu ya wiki iliyopita kwa sauti ya padri anayesoma Injili. Watu walikuwa wamejaa, wengine wamekalia magunia. Alipomtaja kijana wa Bihambwe aliyefunga goli la pili, mwanamke mmoja aliinama akafunika uso kwa kitenge. Kijana huyo alikuwa mwanawe. Hakuwa na habari nyingine yoyote ya mtoto huyo: kafunga goli, basi yu hai.

Mama alikuwa mbele, kakalia kreti ya bia. Mama yangu hajui kusoma, na mpira hajawahi kuupenda hata siku moja. Alisubiri mpaka mwisho kabisa, jina langu liliposomwa, ndipo akauliza:

"Na kama iko anakula, hakuandika?"

Watu wakacheka kwa mazoea; kumbe kila wiki anauliza kama ninakula. Mimi nilishindwa kucheka. Nikaingia, akaniona, akanishika mashavu yote mawili mbele ya watu na kusema nimekonda.

Baadaye nikawaeleza shida yangu. Mwenye duka akanionyesha simu yake kwa aibu. Alikuwa akifungua makala yeye peke yake, anakopi maneno na kuyatuma kwa WhatsApp hadi Bihambwe, hadi Walikale, ili watu wasimalize mega zao za intaneti kwa picha za tovuti. Aliamini anatusaidia sote. Kwa hiyo duka zima lile, na mama yangu, na mama wa yule mfungaji, na wote waliotumiwa huko milimani, kwenye kompyuta ya mkuu walikuwa mtu mmoja. Akasema atawaomba wafungue kila mmoja kwa simu yake. Wakajaribu hapo hapo, wale wachache wenye simu za kufaa, na mtandao wa Mweso ukagoma kama kawaida yake.

"Dada, tutajaribu tena," aliniambia. "Lakini kila muntu akisoma peke yake, huyu mama yako nani atamusomea?"

Nikamwambia aache tu, aendelee kama zamani.

Niliporudi Goma nikaongeza mstari mmoja mwishoni mwa mechi iliyofuata: mwandishi alikula ugali na maharage, akashiba. Mkuu akaufuta. Akaniuliza ni nani atakayefungua makala kwa ajili ya maharage. Nikamjibu kwamba yuko. Alinitazama kama vile nimechanganyikiwa, na mwezi ulipoisha akaufunga ukurasa wangu, akanipa mkono. Nadhani alihuzunika kweli.

Jumatatu iliyofuata sikuwa na pa kwenda. Nilikuwa nimekaa kitandani najihurumia, simu ikalia. Mwenye duka alikuwa ameniandikia. Barabara ilikuwa imefungwa tena, risasi zimerudi upande wa Kitshanga, na yeye ananiuliza habari za mpira:

"Watu wameisha kuikala. Mama njo iko mbele. Mechi iko wapi?"

Duka lilikuwa limeshajaa, mama kakaa mbele kama kawaida, na mechi ilikuwepo. Nilikwenda kuitazama Jumapili kwa sababu tu miguu ilishazoea. Nikaanza kumwandikia kwa kidole, pale pale kitandani, na safari hii sikungoja mwisho. Nilianza na ugali, na maharage, na mboga za lengalenga alizonipa jirani, nikasema nimeshiba. Ndipo nikaandika matokeo.