Fundi wa maabara aliyekataa seli zisagwe

“Ondoa mkono, Mama Sahani,” anasema mtafiti kijana.

“Siondoi. Ukizisaga hizi, umenisaga na mimi.”

Ni saa mbili asubuhi. Fundi wa maabara amefunika kwa kiganja sahani ya plastiki isiyozidi upana wa mdomo wa kikombe. Ndani yake zinaishi seli za ukuta wa mshipa wa damu, za mwisho katika kundi lililozua ugomvi. Jina la utani alilipata kwa kulisha sahani kama hizo kila siku, Jumapili zikiwemo.

Seli hizo hutoa gesi ya oksidi ya nitriki, inayolegeza mishipa ili damu ipite bila shida. Kinachoitengeneza ni kimeng’enya kimoja. Kundi hili lina kimeng’enya kingi sawa na mengine, lakini gesi yake ni robo tu.

“Basi umeziharibu,” anasema mtafiti. “Ripoti inatoka leo.”

Mkataba wa fundi unaisha baada ya siku tisa. Kwa miaka kumi na tisa umekuwa ukihuishwa mwaka hadi mwaka, na ndio unaosomesha wanawe wawili chuoni. Ripoti ikimlaumu, hana wa kumtetea.

“Ninyi mnasaga kwanza, ndipo mnapima,” anasema. “Mkishasaga, mtajuaje nani alikuwa wapi? Mpishi akijilalia chumbani, ukihesabu watu wa nyumba yupo. Chakula je?”

Mtafiti anacheka bila kupenda. “Kwa hiyo kimeng’enya kimelala?”

“Kazi yake iko pembeni, kwenye utando wa seli. Huko ndiko kinakoamshwa. Kikibaki katikati, gesi inakuwa haba. Si mlinifundisha wenyewe?”

Mkuu wa maabara, mwanamke wa rika lake, amesimama mlangoni muda wote.

“Dada, tukizigandisha kwa dawa tutazame, hatutazipima tena. Na tukikikuta mahali pake?”

“Andikeni kosa ni langu, niende nyumbani. Tukikikuta katikati, andikeni kuwa kiko katikati, wala kosa si langu. Na kuanzia leo, sahani moja ya kila kundi itazamwe kabla ya kusagwa. Sina ombi jingine.”

Mkuu anatazama saa ya ukutani. “Haya. Gandisha.”

Fundi hangoji neno la pili. Anafungua chupa ya dawa, anamimina, na kila kilichokuwa kikitembea ndani ya seli kinasimama hapo hapo kilipofika.

“Mwanangu,” anamwambia mtafiti, “washa hadubini.”