Komeo la Ndani

Walisema sitaweza. Nianze hapo, kwa sababu waliosema bado wako hai, tunapishana nao barabarani hapa Babati, na hakuna hata mmoja atakayesimama kunikanusha. Mjomba wangu alisema mbele ya watu, siku ya kipaimara cha mwanawe, kwamba mtu aliyekwenda Ulaya akarudi na wazo la kutengeneza treni za watoto katika mji usio na reli anahitaji maombi, si mtaji. Watu wakacheka. Mimi pia nilicheka, maana nilikuwa na diploma ya ufundi mitambo, na yeye hana hata leseni ya lile gari analoendesha.

Haya ninayosimulia yalinipata mimi, si rafiki wa rafiki yangu. Sinywi pombe. Sikuwa na homa. Wala si mtu wa kuamini ovyo. Aliyesomea vipimo haamini kitu mpaka akipime, na jioni ile nilipima kwa vidole vyangu mwenyewe. Sasa nisikilize.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Wageni walimiminika mjini, watu wa ofisi na watu wa madini, na kila mwenye akili alikuwa anauza saruji au anapangisha vyumba. Mimi nilinunua kontena kuukuu, nikaliweka Nangara kando ya barabara, nikalifanya karakana. Sikulitoboa dirisha, kwa kuogopa wezi. Mlango ulikuwa ule ule wake wa chuma, unaofungwa kwa nondo kwa nje.

Kazi hii nilijifunza Uingereza. Huko kuna watu wazima, wenye heshima zao, wanaojenga reli ndogo ndani ya nyumba, na hawafanyi mchezo. Wanataka behewa la urefu wa mkono wa mtoto liwe na kila boliti iliyokuwa kwenye behewa la kweli. Boliti ikihama kidogo, mzigo unarudi.

Mteja wangu mkubwa wa kwanza alikuwa mzee mstaafu wa huko huko, ambaye ujanani alifanya kazi katika reli ya kwetu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri. Aliagiza treni nzima ya mabehewa ya ng'ombe, yale yaliyokuwa yakichukua mifugo bara kuipeleka pwani, akanitumia picha na michoro. Sharti lake lilikuwa moja: yawe kama yalivyokuwa.

Ili ninunue shaba, mbao laini na vifaa vya kuchomelea, nilikopa. Mjomba alinikopesha kidogo, nadhani ili apate la kusema. Mama Neema, aliyekuwa akipika chapati kwenye kibanda kinachotazamana na kontena langu, alinikopesha chakula. Fedha yenyewe ilitoka kwa Mangi wa duka la vifaa vya ujenzi, na mama yangu akaweka rehani shamba lake la Singe. Mzigo ukipokelewa, shamba linarudi. Ukikataliwa, Mangi anapanda mahindi yake pale. Umeona nilivyokuwa nimesimama?

"Fundi, treni yako inaondoka saa ngapi?" Mama Neema alikuwa akiniita kutoka kibandani. "Niwekee siti ya dirishani."

"Hii ni ya ng'ombe, Mama Neema."

"Basi mpe mjomba wako."

Wacheke watakavyo, kazi yangu ilikuwa safi. Mbao za ubavuni nilizipanga na nafasi katikati, kama zilivyokuwa, ili ng'ombe wapate hewa. Mlango unafunguka kwa bawaba za kweli. Na komeo, niamini, lilikuwa ndilo fahari yangu. Wengine wanaotengeneza mabehewa haya hupitisha waya mmoja, komeo likaonekana nje na ndani, kwa sababu ndiyo njia rahisi. Mimi nilikagua picha kwa kioo cha kukuzia nikaona ukweli: komeo lilikuwa nje tu. Ndani, ubao mtupu. Nikalitengeneza hivyo, kila behewa.

Jioni niliyokuwa namalizia behewa la mwisho, mvua ilinyesha na umeme ukakatika. Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia. Niliwasha chemli, nikaendelea. Nilipoinua macho, kijana alikuwa amesimama ndani ya kontena, upande wangu wa meza.

Alikuwa na umri wa miaka ishirini hivi. Blanketi jeusi begani, fimbo mkononi. Miguu yake ilikuwa na vumbi jekundu mpaka magotini. Vumbi, nasema, wakati nje ilikuwa ni matope matupu.

"Karibu," nilisema, nikanyamaza kusubiri shikamoo. Nilikuwa nimevuka arobaini. Kwetu, awe Mwiraqw, Mgorowa au mtu wa kuja, kijana wa umri ule haingii kwa mtu mzima bila kuamkia. Hakuamkia. Alinitazama kwa utulivu, kama vile mimi ndiye niliyesahau kitu.

"Umelitengeneza wewe?" aliuliza.

"Mimi mwenyewe."

Aliinama mezani, akaweka jicho moja kwenye nafasi ya mbao, akachungulia ndani ya behewa. Alikaa hivyo muda mrefu. Harufu ya ng'ombe ikanifikia, ile ya zizi lililofungwa.

"Komeo liko nje," alisema.

"Ndivyo."

"Na aliye ndani?"

"Ndani ni ng'ombe. Ng'ombe hafungui mlango."

"Na mtu wao?"

Nilijua anachosema. Zamani wenye mifugo walituma vijana wasafiri humo humo na ng'ombe, wawanyweshe na kuwainua walioanguka, maana ng'ombe akianguka ndani ya behewa wenzake humkanyaga. Lakini mzee hakuagiza sanamu za watu. Aliagiza mabehewa.

"Weka na komeo la ndani," kijana alisema. "Dogo tu."

Nikacheka. "Kijana, behewa hili halikuwa na komeo la ndani. Nina picha. Haya mambo nimeyasomea."

"Umelipatia. Lilikuwa hivyo hivyo. Ndiyo maana nakuomba."

Nywele za shingoni zilinisimama, sitaficha. Lakini hasira zilinizidi. "Nikiliweka, mwenye mali atarudisha mzigo, na shamba la mama yangu litakwenda. Utalilipa wewe? Na kwenu hamfundishwi kuwasalimia watu wazima?"

"Nasubiri," alisema.

Niliona ananidhihaki. Nikamgeuzia mgongo, nikachukua behewa nilipeleke rafuni. Mlango wa kontena ukajipiga. Nikasikia nondo ikianguka mahali pake kwa nje. Chemli ikazimika.

Unajua giza la ndani ya kontena? Halina mahali pa kuanzia. Niliita, sauti yangu haikugonga chuma. Ilikufa karibu na mdomo, kama mtu anayesema akiwa ameegemea nguo. Kisha kitu chenye joto kilinisukuma ubavuni, kikubwa, kikapumua. Kingine kikanisukuma kwa nyuma. Sakafu ilikuwa inatikisika, tena kwa mpangilio, gu-gu, gu-gu, na nilikuwa nimeshikwa katikati ya miili nisiyoiona, pembe moja ikinikwaruza sikioni.

Nilijisogeza kwa nguvu mpaka ukutani. Hapakuwa na bati. Palikuwa na mbao, zimepangwa na nafasi katikati, na upepo wa joto unaingia.

Sasa sikiliza sehemu hii, maana ndiyo inayoniamsha mpaka leo. Vidole vyangu vilianza kusoma. Boliti hapa, boliti pale, bamba la chuma la pembeni, bawaba ya chini. Kila kitu kilikuwa mahali nilipokiweka mimi. Ndugu yangu, nililitambua behewa. Nilikuwa ndani ya kazi ya mikono yangu, kwa ukubwa wake wa kweli. Na kwa sababu lilikuwa sahihi, nilijua kuliko mtu yeyote aliye hai mjini Babati kwamba mlango ule hauna kitu cha kushika kwa ndani. Hata hivyo nilipapasa. Nilipapasa ubao ule mpaka kucha zikaumia. Mtupu.

Mtikisiko ukapungua. Tukasimama. Upepo uliokuwa ukiingia ukakoma, na joto likapanda kama ndani ya sufuria iliyofunikwa. Ng'ombe mmoja alianguka, nikamsikia. Wakaanza kumkanyaga. Halafu mwingine. Nilipiga mbao, nikapiga kelele kupitia nafasi zile, nikiita mtu yeyote aliye kituoni.

Sauti ikatoka karibu na bega langu, ya chini, isiyo na haraka.

"Hapa tulisimama. Wao, watu wa reli, walikwenda kunywa chai."

Ndipo nilipoelewa. Elimu yangu ilichelewa, lakini ilifika. Kijana yule hakuwa ameninyima shikamoo. Mimi ndiye niliyekuwa nimemnyima. Alipanda behewa hili kabla baba yangu hajaoa, hakushuka akiwa hai, na alikuwa amesimama kwenye karakana yangu akisubiri kwa adabu aamkiwe na mdogo wake.

Nilisema, "Shikamoo, mzee."

Ng'ombe wakanyamaza.

"Marahaba," alisema. "Utaliweka?"

"Nitaliweka."

Nondo ikainuliwa kwa nje. Mlango ukafunguka, na alikuwa Mama Neema, mfuko wa plastiki kichwani na tochi mkononi, mvua ikimchuruzika.

"Upepo umekufungia, fundi. Umegonga mara moja tu nikaja mbio." Akavuta pumzi, akarudi nyuma. "We, umekwenda mnada wa ng'ombe saa ngapi?"

Nilijitazama. Suruali yangu ilikuwa na kinyesi cha ng'ombe mpaka magotini, kibichi. Alipoinua tochi akaniona uso, hakuendelea na utani.

"Yule kijana ametoka?" niliuliza.

"Kijana yupi? Nimekaa hapo na chapati zangu tangu mchana. Hakuna mtu aliyeingia kwako."

Kesho yake nilikwenda Singe nikamweleza mama yote, kwa kuwa shamba ni lake. Alikuwa akipepeta maharage, hakuacha kupepeta.

"Ulimwamkia?" aliuliza.

"Ndiyo."

"Akaitikia?"

"Aliitikia."

"Basi umemwahidi mkubwa wako. Weka."

"Mama, mzee atarudisha mzigo."

"Nimesikia. Weka."

Nikaweka. Kila behewa, komeo la ndani, dogo, la shaba. Mjomba alikuja kutazama nikifunga mzigo, akaliona, akauliza kama diploma inafundisha kuharibu kazi iliyokwisha. Nikaendelea kufunga. Mzigo ukaenda.

Zikapita wiki, kimya. Mangi akapita Singe kutazama udongo. Aliuchota kiganjani, akaunusa, akamwambia mama kwamba anawaza alizeti. Mama alinipa habari hizo bila kulalamika, na hilo liliniumiza zaidi.

Hatimaye simu ikaita. Alikuwa yule mzee. Hakusalimia.

"Kuna komeo ndani," alisema. "Halikuwepo. Nani alikuambia uliweke?"

Ningeweza kudanganya. Ningesema ni kosa, nitume mengine. Lakini nilikumbuka ubao ule mtupu chini ya vidole vyangu, nikamweleza kila kitu, kijana, blanketi, vumbi. Hakunikatiza.

Kisha akauliza polepole, "Alikuambia tulikuwa wapi?"

Sikiliza vizuri alivyosema. Tulikuwa.

"Alisema mlikwenda kunywa chai."

Mzee akasema fedha itaingia yote, na kwamba nisiuze behewa la aina hiyo kwa mtu mwingine bila komeo lile. Hakupiga tena.

Tangu siku ile nimetengeneza mabehewa mengi, na leo nina karakana ya matofali, madirisha pande nne, na watu waliosoma wanakuja kujifunza kwangu. Lakini siwezi kukaa ndani ya chumba kilichofungwa. Kwenye basi, benki, hata kanisani, naketi karibu na mlango. Na nikikutana na kijana nisiyemjua ananitazama bila kuniamkia, naamkia mimi kwanza. Watu wananicheka. Wewe usicheke. Na popote unapofunga mlango kwa nje, iwe ghala, zizi au lori, ita kwanza. Ita kwa sauti, usubiri jibu, hata kama una uhakika hakuna mtu.

Siku fedha ilipoingia nilianza kwa Mama Neema, akanipa chapati juu. Kisha kwa Mangi, mama akiwa ubavuni mwangu. Mama alipokea karatasi ya shamba lake, akaikunja, akaitia kifuani, akamwambia Mangi kwamba alizeti hata yeye huwa anaiwaza. Mwisho nikaenda kwa mjomba. Alinikaribisha sebuleni, akainuka kusukuma mlango, kwa sababu fedha huhesabiwa faraghani.

"Uache wazi, mjomba," nilisema.

"Watu watatuona."

"Uache wazi."

Basi alihesabu pale kizingitini, jua likimpiga mkononi, noti baada ya noti, na majirani wote wa mtaa ule wakasimama kwenye ua kumtazama akilipwa.